Jibu la Afya na Muulizaji Wake Katika Mwambao wa Ziwa Viktoria

Butimba iko kusini mwa mji wa Mwanza, mahali ambapo vilima vya majabali vinashuka hadi ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Jina lake likitajwa mbali, wengi hukumbuka Chuo cha Ualimu, na wengine hukumbuka gereza. Lakini kwa wakazi wa mwambao ule jambo la kwanza ni ziwa lenyewe. Watoto huogelea humo, kina mama hufua nguo na kuosha vyombo humo, na wavuvi huingia majini mpaka kiunoni wakivuta nyavu zao. Kwa hiyo si ajabu kwamba maswali mengi ya afya ya watu wa huko huanza na maji, na kwamba historia ya namna ya kuyajibu ni sehemu ya historia ya Kiswahili chenyewe katika nchi za bara.

Mfano mmoja wafaa kutangulizwa, ambao sura yake ni ya kubuni lakini jambo lake ni la kweli. Mzazi wa Butimba anaandika: "Mwanangu ana miaka 9. Tumbo linamuuma, na mara nyingine choo chake kina damu. Huogelea ziwani kila siku. Je, ana kichocho?" Anapewa jibu hili: "Kichocho ni ugonjwa unaosababishwa na minyoo wanaoenezwa na konokono wa majini. Dalili yake kubwa ni damu katika mkojo." Katika jibu hilo hakuna neno la uongo, na Kiswahili chake ni sanifu. Walakini mzazi akilisoma atatazama mkojo wa mtoto, hataona damu, naye atarudi kwenye shughuli zake akidhani kwamba mtoto ni mzima.

Sababu ya kosa hilo ni kwamba kichocho kinachowasumbua watu wa sehemu za Mwanza ni cha namna mbili. Kimoja ni cha kibofu, nacho huletwa na mnyoo aitwaye Schistosoma haematobium, anayepitia kwa konokono wa madimbwi na vijito vya bara. Huo ndio ugonjwa wa mkojo wa damu, ambao watu wengi huufikiri wanapolisikia neno kichocho. Cha pili ni cha matumbo, nacho huletwa na Schistosoma mansoni, anayepitia kwa konokono wanaoishi katika ziwa lenyewe. Huyu haonekani kwa mkojo. Mayai yake hutoka katika choo kikubwa, na baada ya miaka mingi ini na wengu huvimba, na mgonjwa aweza hata kutapika damu. Mzazi wa Butimba aliuliza juu ya mnyoo wa ziwa, akajibiwa juu ya mnyoo wa dimbwi.

Kisa hicho kidogo kinaonyesha jambo ambalo historia ya mwambao wa ziwa inalithibitisha mara kwa mara: jibu la afya laweza kuwa sahihi kwa daktari na likawa kosa kwa muulizaji. Makusudi ya makala haya ni kulifuata jambo hilo tangu zama za matangazo ya serikali za kikoloni mpaka zama za simu, na kuonyesha kwamba upungufu uliokuwapo haukuwa hasa wa msamiati, kama ilivyodhaniwa kwa muda mrefu. Upungufu ulikuwa wa mpangilio. Mwenye kujibu alianza na kile alichokijua yeye, badala ya kuanza na kile alichotaka kukitenda mwenziwe.

Kabla ya jibu palikuwa na tangazo. Mwaka 1906 Robert Koch, mtaalamu wa Kijerumani aliyekwisha kupata sifa kwa kugundua vimelea vya kifua kikuu mwaka 1882, alifika Mwanza kuchunguza ugonjwa wa malale, kisha akahamia Visiwa vya Ssese upande wa Uganda. Huko aliwatibu wagonjwa wengi kwa dawa iitwayo atoksili, ambayo ndani yake mna arseniki, na baadhi ya waliopewa kipimo kikubwa walipofuka macho. Maandishi yaliyobaki ya kazi kama hiyo ni ripoti za madaktari na amri za watawala. Sauti ya mgonjwa anayeuliza ni nadra kusikika ndani yake. Hata baada ya Waingereza kushika nchi, desturi ya kuwasemesha watu juu ya afya kwa njia ya amri iliendelea kwa miaka mingi.

Lugha ya tangazo ina sarufi yake. Husema "ni marufuku", "kila mtu lazima", "atakayekaidi ataadhibiwa". Msomaji hatajwi kwa nafsi ya pili. Yeye ni "kila mtu", yaani si mtu yeyote. Neno "kwa sababu" halionekani sana, maana mwenye kuamuru hana haja ya kutoa sababu. Tangazo laweza kufaa pale ambapo jambo ni moja na tendo ni moja, kama kuzuia watu wasipite njia fulani wakati wa ndui. Lakini halina mlango wa kuingilia swali, na mtu aliyelizoea akiambiwa ajibu barua, huandika tangazo tena na kuliita jibu.

Mlango ulianza kufunguliwa Januari 1923, Idara ya Elimu ya Tanganyika ilipoanzisha gazeti la kila mwezi liitwalo Mambo Leo. Gazeti hilo lilichapwa Dar es Salaam, lakini wasomaji wake walikuwa katika kila jimbo, nao walituma barua, habari na mashairi. Mtu wa bara aliyekaa mbali na pwani aliweza kuona maneno ya mtu mwingine wa bara yakichapwa katika Kiswahili na kusomwa na watu wasiomjua. Mafunzo ya afya nayo yalikuwamo. Hapana shaka sauti iliyofundisha ilikuwa bado ya mwalimu mbele ya darasa. Hata hivyo kuwapo kwa barua za wasomaji kulibadili jambo moja kubwa. Mhariri sasa alijua kwamba asipojibu lililoulizwa, muulizaji yuko, ana jina, na aweza kuandika tena.

Katika mwaka ule ule wa kwanza gazeti lilichapisha maandiko juu ya mumiani. Neno hili lina asili ya Kiajemi, na kamusi za kale za Kiswahili zinalieleza kuwa ni dawa nyeusi mfano wa utomvu, iliyouzwa na Waarabu na Wahindi kwa kutibu mivunjiko na maumivu. Kisha zinaongeza kwamba watu wengi walisadiki kuwa dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya binadamu. Baadaye neno likahama kutoka kwa dawa likawa la mtu, yaani yule anayedhaniwa kuvizia watu usiku ili achukue damu yao. Wanahistoria Luise White na Melissa Graboyes wameonyesha kwa urefu jinsi khofu hiyo ilivyofungamana na hospitali na utafiti wa tiba katika Afrika Mashariki. Kuiita khofu hiyo ujinga ni rahisi. Ni bora zaidi kuitambua kuwa swali ambalo halijajibiwa: damu yangu inakwenda wapi, na nani anafaidi?

Swali hilo lilikuwa na uzito wa pekee Mwanza. Mwaka 1949 serikali za Afrika Mashariki ziliweka huko makao ya uchunguzi wa tiba, pamoja na kitengo cha kuchunguza matende na mabusha. Mwaka 1954 makao hayo yakawa Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Tiba. Kisiwa cha Ukara, kaskazini ya Ukerewe, kilikuwa miongoni mwa mahali palipochunguzwa sana katika miaka ya 1950. Sasa, vijidudu vya ugonjwa wa matende vina tabia moja ya ajabu: mchana hujificha katika mapafu, na usiku, hasa karibu na saa 6, hutoka na kuenea katika damu ya juu. Mbu wanaoueneza ugonjwa huo huuma usiku. Kwa sababu hiyo mchunguzi anayetaka kuviona vijidudu hivyo hana budi kwenda nyumbani kwa watu usiku na kuwatoboa vidole.

Mtu yeyote aliyelelewa na hadithi za mumiani anaweza kutambua maana ya wageni wenye taa na vigae vya kioo wanaotaka damu usiku wa manane. Jibu la kitaalamu lilikuwapo, nalo lilikuwa jepesi kusemwa kwa Kiswahili cha kila siku: "Tunakuja usiku kwa sababu mdudu wa matende hulala mchana na huamka usiku. Tunachukua matone machache kutoka kidoleni. Tutayatazama kwa darubini hapa hapa kijijini, na ukitaka utayatazama nawe. Hayauzwi wala hayapelekwi kutengenezwa dawa." Maneno yote hayo yalikuwa katika Kiswahili mwaka 1949, na hata mwaka 1923. Hayakuhitaji kamati ya istilahi. Yalihitaji mtu wa kufikiri kwanza kile ambacho mwenye kidole anakiogopa.

Vivyo hivyo kuhusu dawa. Diethilikabamazini, dawa iliyokuwa mpya wakati ule dhidi ya matende, huua vijidudu vilivyomo katika damu. Na vinapokufa kwa wingi mgonjwa huweza kushikwa na homa, kuumwa kichwa na kuwashwa mwili. Kwa daktari hiyo ni ishara kwamba dawa inafanya kazi. Kwa mgonjwa ambaye hakuambiwa, ni ushahidi kwamba amepewa sumu. Tofauti kati ya mawazo hayo mawili ni sentensi moja, na thamani ya sentensi hiyo inategemea wakati wake: ikisemwa kabla ya kumeza ni habari, ikisemwa baada ya homa ni udhuru.

Yafaa hapa kutazama namna watu wa ziwani wenyewe walivyozungumza na mganga. Shahidi mzuri ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896. Riwaya yake kubwa aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatolewa Dar es Salaam mwaka 1980, karibu na kifo chake cha mwaka 1981. Habari yake ni ya Myombekere na mkewe Bugonoka, wanaohangaika kutafuta dawa ya utasa. Katika kitabu hicho tiba haitengwi na mazungumzo. Mganga huulizwa, naye huuliza. Hueleza dawa inavyotayarishwa na inavyotumiwa, na mwiko wake ni upi. Mtu aliyezoea mganga wa namna hiyo akifika zahanati na kupewa vidonge bila neno, haoni kwamba amepewa sayansi. Anaona kwamba hakuheshimiwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Uhuru, na kwa sehemu kubwa yalijaribiwa Mwanza. Kati ya 1967 na 1973 Shirika la Afya Ulimwenguni pamoja na serikali ya Tanzania ziliendesha huko mradi wa majaribio wa kuzuia kichocho. Karibu wakati huo huo, kati ya 1968 na 1972, mradi wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, uliendeshwa katika mikoa ya ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi. Vitabu vyake vya kusomea vilifungamanishwa na kazi za watu, kama vile kilimo cha pamba na migomba, uvuvi na ufugaji. Waandishi wa vitabu hivyo walikuwa na msomaji ambaye hajawahi kuandikiwa kitabu: mtu mzima, mwenye akili na ujuzi wa kazi yake, ambaye kusoma ndiko anakoanza, na ambaye aghalabu lugha yake ya kwanza ni Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kizinza.

Msomaji huyo aliwafundisha waandishi zaidi ya walivyomfundisha. Sentensi yenye vishazi vitatu ilimpotea njiani. Nomino dhahania zilizorundikana, mfano "utekelezaji wa uzuiaji wa uenezaji wa ugonjwa", hazikumwambia nani afanye nini. Kitenzi katika nafsi hai, "chimba choo mbali na kisima", kilimwambia. Somo hilo laonekana dogo, lakini waandishi wengi wa afya hawajalishika hata leo.

Mwaka 1973 somo hilo lilipelekwa kwa nchi nzima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya redio kwa muda wa majuma 12, jina lake Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi takriban 75,000, wakasikiliza kipindi, wakasoma sura ya kitabu kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakakata shauri la kutenda jambo: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Jina lenyewe lastahili kutazamwa na wanalugha. Halikusema "Afya Bora kwa Wananchi Wote"; lilianza na mtu. Tena muundo wake ni wa methali, maneno matatu ambayo hata asiyejua kusoma aliweza kuyashika na kuyarudia.

Uzuri wa utaratibu huo ni kwamba kikundi kilisimama katikati ya kitabu na muulizaji. Kitabu kimoja hakiwezi kujua kama msomaji wake anakaa Butimba ukingoni mwa ziwa au kijiji cha bara penye lambo. Kikundi chaweza kujua. Kiongozi wa kikundi, ambaye mara nyingi alikuwa mwalimu au mtu aliyesomeshwa kwa kazi hiyo, aliweza kuambiwa, "Lakini sisi hatuna dimbwi, tuna ziwa," na mazungumzo yakabadilika. Mwaka uliofuata, 1974, gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho lilianza kutolewa Mwanza kwa ajili ya wasomaji wapya wa mikoa ya ziwa. Hapo mwandishi na msomaji walikaribiana tena, maana wote wawili walinywa maji ya ziwa moja.

Katika miaka hiyo hiyo palikuwa na mjadala mwingine, ulioelekea upande tofauti. Baada ya Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kuanzishwa mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, wataalamu walijitahidi kuziba pengo la istilahi za sayansi. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, na matunda yake, ikiwemo Kamusi ya Tiba, yanatumika. Lakini ilileta dhana moja isiyo sawa: kwamba daktari akishindwa kueleweka, tatizo ni neno lililokosekana. Mifano miwili yatosha kuonyesha kwamba mambo siyo hivyo.

Mfano wa kwanza ni wa neno lililopatikana. Ugonjwa wa UKIMWI ulitambuliwa Tanzania mwaka 1983, mkoani Kagera, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Wataalamu walipata maneno haraka: UKIMWI, virusi, kinga, na kwa matokeo ya kipimo, "hasi" na "chanya". Kwa hesabu na mantiki maneno hayo mawili ni safi. Lakini katika matumizi ya watu, jambo chanya ni jambo jema: mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Mtu aliyengoja matokeo kwa siku nyingi akiandikiwa "majibu yako ni chanya" aweza kufurahi. Mwenye kumfikiria muulizaji ataandika: "Virusi vya UKIMWI vimeonekana katika damu yako," kisha bila kupumzika ataeleza dawa inakopatikana na siku ya kurudi.

Mfano wa pili ni wa neno lililokuwapo tangu zamani lakini halikusikilizwa. Mtoto mdogo mwenye homa kali ya malaria aweza kukakamaa na kutupa macho. Watu wengi huita hali hiyo degedege, nao huiona kuwa ugonjwa mwingine kabisa, wenye asili yake na mganga wake. Mama akiuliza juu ya degedege, akajibiwa kwa kurasa mbili juu ya malaria bila neno degedege kutajwa, kwake hajajibiwa. Jibu lenye kumfaa huanza na neno lake: "Degedege mara nyingi huletwa na malaria kali. Mpeleke mtoto hospitali sasa hivi, usingoje asubuhi." Istilahi yaja baadaye, ikibebwa na neno ambalo mama analo tayari.

Kwamba mambo haya si ya sarufi tu, bali ya amani na uhai, lilionekana Julai 2008 mkoani Morogoro, mbali na ziwa lakini katika jambo lile lile la kichocho. Wanafunzi wa shule za msingi walipewa dawa za kichocho na minyoo. Baadhi yao walipata kizunguzungu, kutapika na kuzirai. Wazazi walikimbilia shuleni, ghasia zikazuka, na ugawaji wa dawa ukasimamishwa. Prazikwanteli ni dawa nzuri iliyotumiwa kwa mamilioni ya watu, na inajulikana kwamba ikimezwa na mtoto mwenye njaa, au mwenye minyoo wengi, yaweza kumletea kichefuchefu na kizunguzungu kwa muda mfupi. Waliokosa ni wazazi wenye habari hiyo kabla ya siku yenyewe. Maswali yao yalikuwa ya kawaida: kwa nini mtoto wangu apewe dawa naye haumwi, dawa hii imetoka wapi, itamzuia asizae? Yasipojibiwa mapema na mtu anayejulikana, hujibiwa na uvumi, na uvumi haukawii.

Tangu Novemba 2012 jaribio jingine limeonyesha upande wa pili. Kampeni ya Wazazi Nipendeni iliwaalika waja wazito na wenzi wao watume neno MTOTO kwa simu kwenda namba 15001, kisha wapokee ujumbe bila malipo kwa kadiri mimba ilivyokua. Jina hilo ni sauti ya mtoto aliye tumboni akiwaita wazazi wake. Ujumbe wa simu una nafasi ya herufi 160 hivi. Ndani ya nafasi hiyo hapana utangulizi, hapana "ikumbukwe kwamba", hapana nomino za kurundikana. Pia ujumbe hufuata juma la mimba ya mpokeaji, kwa hiyo anayekaribia kujifungua haambiwi ya mwezi wa tatu. Ufinyu wa chombo uliwalazimisha waandishi kufanya yale ambayo upana wa karatasi uliwaruhusu kuyakwepa. Namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo mwananchi hupiga bure na kuuliza, imerudisha jambo la kale zaidi, yaani mazungumzo, ambamo muulizaji aweza kusema, "Hapana, sikuuliza hivyo."

Kutokana na historia hii sifa nne za jibu jema zinajitokeza. Kwanza, jibu hutanguliza tendo: lililo la lazima kufanywa leo hutajwa katika sentensi ya kwanza. Pili, hutumia neno la muulizaji kabla ya neno la mtaalamu, na mahali ambapo neno moja lina maana mbili, kama kichocho, huzitenganisha. Tatu, hujibu khofu pamoja na swali, maana anayeuliza juu ya dawa huuliza pia juu ya madhara yake, hata asiposema. Nne, hutaja nani na wapi: zahanati ipi, kipimo gani, gharama iulizwe kwa nani. Jibu lililoandikwa kwa kauli ya kutendwa tupu, "inashauriwa kupata matibabu", humwacha mgonjwa njiani bila kujua amshike nani mkono.

Kuna hoja moja ya upande wa pili inayostahili heshima. Madaktari husema kwamba jibu fupi huficha mashaka ya elimu yenyewe, na kwamba mtu aliyeambiwa kwa uhakika kupita kiasi atakata tamaa siku elimu itakapobadilika. Hoja hiyo ni kweli. Lakini mashaka nayo yaweza kusemwa kwa uwazi: "Bila kupima choo hatuwezi kujua" ni sentensi fupi, ni ya kweli kabisa, na inamwelekeza mtu kwenye kipimo. Kinachoficha ukweli ni maneno mengi yanayomfanya msomaji asijue kama amejibiwa au hakujibiwa.

Hali ya Butimba yenyewe inaendelea kubadilika. Katika miaka ya 2020 ulijengwa hapo mtambo mkubwa wa kusafisha maji ya ziwa, wenye uwezo wa kutoa lita milioni 48 kwa siku kwa ajili ya mji wa Mwanza. Uchunguzi wa magonjwa nao unaendelea Mwanza chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1979. Lakini bomba halimzuii mtoto asiogelee, wala halimtoi mvuvi majini. Swali la mzazi yule bado ni swali la leo, na yafaa lipate jibu lake:

"Ndiyo, yawezekana ni kichocho cha tumbo, ambacho watu wa ufukweni hukipata ziwani. Mpeleke mtoto kituo cha afya wiki hii, nawe useme kwamba huogelea ziwani na choo chake kina damu. Omba apimwe choo kikubwa, si mkojo peke yake. Akikutwa nacho atapewa vidonge vya prazikwanteli kwa kadiri ya uzito au urefu wake. Ale kwanza ndipo ameze. Aweza kusikia kichefuchefu au kizunguzungu. Kwa kawaida hupita siku hiyo hiyo. Dawa huua minyoo waliokomaa waliomo sasa, lakini haizuii wengine wasiingie akirudi majini, kwa hiyo atahitaji kupimwa tena. Nyumbani, maji ya ziwa ya kuogea yakae katika chombo kilichofunikwa siku 2 kabla ya kutumiwa, na ya kunywa yachemshwe. Wote watumie choo, wasijisaidie karibu na maji. Tumbo likivimba, au akitapika damu, usingoje: mpeleke hospitali mara moja."

Hakuna neno katika jibu hilo ambalo mwalimu wa Butimba hawezi kulisoma mbele ya wazazi, wala ambalo daktari ataona haya kulitia sahihi.